Kipande cha Kumi na Sita, Oud Metha

Mimi Marekani sijafika. Lakini kuna kata moja huko, katikati kabisa ya nchi, mbali na bahari zote mbili, ambayo ningeweza kukutembeza bila kuuliza mtu. Ninajua shule ilipokuwa. Ninajua kanisa lililoungua na ninajua waliounguliwa walienda kukaa wapi. Ninajua mahali ambapo barabara inapinda ghafla na walevi wanaingia moja kwa moja kwenye mahindi ya watu. Haya yote niliyajulia Dubai, mtaa wa Oud Metha, ghorofa ya nne, nikiwa ninalipwa kukaa na mzee mmoja.

Nilikuwa nimekuja na kampuni ya usafi, miaka ile ya elfu mbili na kitu kabla treni haijaanza kupita juu ya vichwa vya watu, wakati kila ukigeuka unakutana na shimo, ukuta wa mabati na kreni. Madam aliniona nikipiga deki ofisini kwao. Alikuwa Mmarekani, mhandisi, mwanamke wa kazi nyingi na maneno machache. Akaniuliza kama nina subira, kwa sababu alitaka mtu wa kukaa na baba yake mchana. Nikamwambia ninayo tele. Wasichana wenzangu tuliokuwa tukilala chumba kimoja kule Al Nahda waliposikia nimejibu hivyo walicheka hadi mmoja akapaliwa na chai.

Siku ya kwanza nilimkuta mzee amesimama dirishani, mrefu, mikono mikubwa ya mtu wa jembe, suruali imeshikwa na kanda mbili za mabegani.

"Kaskazini ni upande gani?" akaniuliza kabla hata ya salamu.

"Sijui, sir. Lakini supamaketi iko pale."

Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma yatima. Kisha akaniambia nisimwite sir, kwamba sir ni mtu wa benki. Akataka kujua watu wa umri wake kwetu wanaitwaje. Nikamwambia wanaitwa mzee, na si tusi. Akalijaribu mdomoni mara kadhaa, likamkaa vizuri, na kuanzia hapo hakuitika jina lingine kutoka kwangu.

Shida yake ilikuwa moja, na madam alinieleza jikoni kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa anapenda kutembea na alikuwa anapotea. Kabla yangu alishapotea mara mbili. Mara ya kwanza aliletwa na dereva wa teksi aliyemwokota karibu na mpaka wa Sharjah, na mara ya pili aliletwa na polisi mmoja mpole aliyekuwa amemnunulia juisi. Daktari alikuwa amesema kwamba kusahau funguo si kitu, na kusahau jina la jirani si kitu; lakini siku mzee atakaposahau yuko nchi gani, khalas, imekwisha, asiachwe tena kutoka. Na madam, aliyekuwa akishinda kazini, alikuwa ameshaamua. Siku hiyo ikifika mzee atarudishwa Marekani, kwenye nyumba ya wazee iliyoko mjini, kando ya barabara kuu. Nafasi ilikuwa imeshaulizwa.

Mzee mwenyewe alijua. Aliniambia wiki ile ile, huku akichovya biskuti kwenye chai. "Nimeiona hiyo nyumba. Madirisha yake hayafunguki."

Basi mimi nikaona kazi yangu si kumfungia mlango. Kazi yangu ni kuhakikisha hapotei.

Tulianza vibaya. Mimi nilimfundisha njia kama tunavyofundishana kwetu: nenda hadi kwa muuza viatu, pinda kwenye lile gari bovu, ukimwona paka mweupe umefika. Yeye alitaka maili na pande za dunia. Nilikasirika, na mimi nikikasirika huongea haraka, na Kiingereza changu kilikuwa hakiwezi kukimbia hivyo. Nikamuuliza kwa ukali, kwani kwao mtu akiuliza njia anaambiwa nini?

"Anaambiwa, nenda maili mbili magharibi, moja kaskazini, halafu pinda palipokuwa na kanisa."

"Palipokuwa?"

"Liliungua."

"Lini?"

"Kabla sijaoa."

Nilicheka mpaka nikaketi, na yeye akabaki kunishangaa. Ilibidi nimweleze. Kwetu, bara ya Kenya, mahali nilipozaliwa ni skimu. Zamani lilikuwa shamba la mzungu mmoja. Uhuru ulipokuja likakatwa ploti, watu wakapewa namba, na babu yangu akapata ya kwake karibu na josho la ng'ombe. Mzungu mwenyewe alifunga virago kabla mama yangu hajaolewa. Nyumba yake ilianguka. Hata msingi ulichimbwa mawe. Lakini hadi leo ukishuka kwenye gari unaambiwa, pinda kwa Mzungu. Wageni hupita pale wakitafuta mzungu na kuona kabichi.

"Kwa hiyo na ninyi mnapinda kwenye kitu ambacho hakipo," akasema mzee.

"Sana."

Tangu siku hiyo tukawa marafiki. Akaomba karatasi, akachora mraba mkubwa, akaugawa sita kwa sita, vikapatikana vipande thelathini na sita, kila kipande maili moja kwa maili moja na barabara imekizunguka. Hiyo ndiyo kata yao. Wao wanaiita kwa neno la Kiingereza lenye mji ndani yake, lakini mji wenyewe haumo. Mna mahindi, nyumba chache, makaburi na upepo. Namba zinaanza kona ya juu kulia, zinakwenda kushoto, zikifika mwisho zinashuka na kurudi kulia, hivyo hivyo hadi chini. Nikamuuliza kwa nini wasianze upande mmoja kila mara kama watu wa kawaida.

"Umewahi kulima na ng'ombe?"

"Nimewahi."

"Ukifika mwisho wa shamba, unawabeba ng'ombe mgongoni kuwarudisha mwanzo?"

Hapo nikaelewa kabisa, tena nikaona aibu kidogo kwamba niliuliza.

Nilikuwa ninamaliza kazi mapema ili tukae na ile karatasi. Alinisimulia jinsi wapimaji walivyokuja na mnyororo wa chuma kabla ya mtu yeyote kujenga, wakaikata nchi nzima miraba. Kisha akanionyesha sehemu moja ambapo barabara ya kwenda kaskazini inakatika, inapinda kulia hatua kadhaa, halafu inaendelea tena. Alisema dunia ni mviringo na miraba haikai juu ya mviringo. Jaribu kufunga chungwa kwa karatasi ya daftari uone. Kwa hiyo kila baada ya masafa fulani wapimaji walilazimika kusahihisha, na pale waliposahihisha pana kona. Mtu anayetoka baa anakuja mbio akijua barabara imenyooka, kumbe dunia imepinda, anajikuta katikati ya mahindi.

"Basi walevi wenu waliumizwa na umbo la dunia," nikasema.

"Ndivyo walivyojitetea kwa wake zao."

Aliniambia habari za makanisa mawili ya dhehebu moja yaliyotazamana ng'ambo na ng'ambo ya barabara. Moja lilihubiri Kijerumani, lingine Kinorwe, na nyimbo zilikuwa zile zile. Moja lilipoungua, wenye nalo walivuka barabara wakaingia kwa wenzao na kukaa mabenchi ya kushoto, na wajukuu wao wanakaa kushoto hadi leo, ingawa hakuna anayejua tena Kijerumani. Aliniambia reli ilivyopitia kata jirani kwa sababu ya kinamasi, na kwamba wazee wa kwao walikufa bila kuisamehe kata hiyo. Nikamwambia kwetu si reli, ni lami. Lami ilipita upande wa pili wa mto kwa sababu mheshimiwa mmoja alikuwa na mkwe upande huo. Mzee alipiga meza kwa furaha.

Siku moja nilimuuliza, "Na kabla ya wapimaji na mnyororo wao?"

Aliweka kidole kwenye karatasi. "Kulikuwa na watu. Waliondolewa. Wamebaki kwenye jina la mto."

Nikamwambia hata kwetu, kabla ya Mzungu, kulikuwa na wafugaji, nao wamebaki kwenye jina la kilima, na sisi tulipogawiwa namba hakuna aliyewauliza. Tulikunywa chai. Baadaye akaniuliza kama mvua yetu huanza mwezi wa tatu au wa nne.

Mahindi ndiyo yalikuwa dini yetu ya pamoja. Nilimpeleka supamaketi, akaona mahindi mawili yamelala kwenye sahani ya plastiki, yamevuliwa maganda na kufunikwa nailoni, na akasimama pale amekunja uso kama mtu aliyeletwa kutambua maiti. Akamuuliza kijana wa duka yamevunwa lini. Kijana akasema, "Fresh, sir, inshallah." Mzee hakununua. Alinieleza njia nzima jinsi ambavyo mkewe alikuwa anaweka sufuria motoni kwanza ndipo anaenda shambani kuchuma. Nilimwambia kwetu tunachoma, na kwamba kuchemsha ni kwa wagonjwa. Tulibishana hadi mlangoni, na askari wa jengo letu, Mganda mmoja mcheshi, akatufungulia akisema, kwa adabu za kwao za kuita mama na babu, "Nyabo, leo mnagombana nini tena na jajja?"

Lakini kipande alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha kumi na sita. Kiko karibu na katikati ya kata. Sheria yao ya zamani ilisema kabla mtu hajachimba hata choo, hicho ni cha shule. Mzee alisoma pale, chumba kimoja, mwalimu mmoja, jiko moja la kuni. Mimi nilimsimulia shule yetu ya chekechea, iliyokuwa banda la maziwa la Mzungu, ambako tulijifunza irabu tukinusa maziwa yaliyoganda ukutani. Baadaye watoto wa kwao walipungua, shule ikafungwa, ikawa ukumbi wa mikutano ya kata, na basi la shule ya mjini likawa linawashushia watoto kwenye kona yake. Shamba la mzee, pamoja na nyumba yao, lilikuwa kipande cha ishirini na moja, kusini yake tu.

Na hapo ndipo aliponisimulia habari za madam akiwa mtoto. Mzee alikuwa na kanuni moja kwa watoto wake: ukipotea, au ukikosa kuona njia, nenda kwenye kona ya shule, kaa, usisogee, nitakuja. Siku moja basi lilimshusha binti pale, na kabla hajavuka barabara upepo ukaja na theluji, nyeupe tupu, mkono wako huuoni. Mzee alitoka na trekta, akazama mtaroni, akajikwamua, akachelewa vibaya sana. Alipofika alimkuta binti amejibanza ukutani kando ya mlango, nyusi zimeganda. Neno la kwanza alilosema mtoto lilikuwa, "Baba, sikusogea."

Mzee aliniambia hayo huku akiangalia nje, na nilijifanya ninafuta meza ambayo nilikuwa nimeshaifuta. Madam sikuwahi kumwona katika sura hiyo. Mimi nilimjua mwanamke wa kompyuta na viatu vya kisigino, anayeingia nyumbani jua limezama na kuuliza kama baba amekula.

Wazo la kuihamishia kata Oud Metha lilikuwa letu sote wawili, na lilituletea raha nyingi. Mtaa ule barabara zake zinajipinda zinavyotaka. Mzee alisema wapimaji wa pale wamesahihisha kupita kiasi. Basi tukachukua ile karatasi tukaenda nayo. Mkate tuliununua kwenye tanuri la Waafghani, hapo pakawa kiwanda cha siagi cha kwao. Uwanja wa mchanga walipokuwa wakiegesha magari ukawa shamba la jirani yake mvivu, maana palikuwa hapaoti kitu. Barabara moja iliyokatika na kupinda nyuma ya zahanati ikawa kona ya walevi. Nami nikadai haki yangu, nikapewa mlango wa kuingilia maegesho ya chini, ukawa josho, kwa vile magari yalishuka pale moja moja yakisitasita kama ng'ombe wetu. Shule tulikuwa nayo tayari, shule ya kweli, ukuta mrefu na miti miwili ya kivuli. Hiyo ilikuwa kipande cha kumi na sita bila mjadala.

Tulihitaji kanisa. Mzee alisema kwao mtu akipotea huinua macho na kutafuta mnara, halafu anajua yuko wapi. Tukainua macho. Karibu na tanuri la mkate palikuwa na kreni ya manjano, ndefu kuliko majengo yote ya jirani, inayoonekana kila uendako. Mzee akaniangalia, nikamwangalia. Hiyo ndiyo.

Sasa hapo uone akili za watu wa mashamba ya mahindi. Kwao kitu kirefu ni ghala la nafaka au mnara wa kanisa. Kwetu ni ile mikaratusi aliyoipanda Mzungu. Kitu kirefu hakihami! Mtu yeyote aliyezaliwa Dubai, hata mtoto, angetuambia kwamba pale kitu kirefu chenye kuhama kuliko vyote ni kreni.

Mpango ulifaulu. Mzee alianza kutembea nami nyuma hatua chache, kisha nyuma zaidi, kisha nikabaki mlangoni na Mganda. Nikamweleza madam kwamba baba anaijua njia ya mkate. Habari za kata sikumwambia. Nilihisi ni mambo ya mzee, na nilihisi pia kwamba mwajiri akisikia ninalipwa kumwambia baba yake kwamba zahanati ni kona ya walevi, ataniuliza maswali. Madam alifikiri siku nzima, kisha akakubali: aende mkate na kurudi, na simu mfukoni. Asubuhi ya kwanza mzee aliporudi peke yake na mkate wa moto kwapani, alipanda ngazi akikataa lifti. Alipiga mluzi hadi chakula cha mchana.

Ilikwenda hivyo wiki kadhaa. Kisha ikaja siku ambayo madam alibaki nyumbani na mafua, amejifunga shali, pua nyekundu, kompyuta magotini. Nje kulikuwa na vumbi, mbingu rangi ya majivu. Mzee alikuwa ametoka, na alikuwa amechelewa. Nilipanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Madam akaangalia saa ukutani, akaniangalia, mimi nikaangalia vikombe.

Simu yake ikalia. Masikio yalikuwa yamemziba, akaiweka sauti ya juu.

"Baba, uko wapi?"

"Kwenye kona ya shule," sauti ya mzee ikajaa sebuleni, haina wasiwasi hata kidogo. "Kanisa limeondolewa. Kwa hiyo nimekuja kipande cha kumi na sita. Nimekaa."

Akakata. Mzee alikuwa na desturi ya kubonyeza kitufe chekundu mara tu maneno yake mwenyewe yanapokwisha.

Madam alibaki ameishika simu. Rangi yote ilimtoka, hata ile ya puani. "Hilo kanisa liliungua kabla sijazaliwa," akasema. Halafu akasema tena, polepole, "Yuko nyumbani. Anadhani yuko nyumbani."

Niliona anainuka, anafungua droo, anatoa kadi ya daktari. Na mimi nikaona madirisha yasiyofunguka. Mdomo wangu huwa haunisubiri.

"Madam, hajachanganyikiwa. Kanisa ni kreni."

Aliniangalia kama mtu anayejiuliza kama daktari anapokea wagonjwa wawili kwa pamoja.

"Kreni ya manjano, madam. Tuliigeuza kanisa, mimi na yeye. Njoo uone mwenyewe." Nikamshika mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada, nikamvuta hadi dirishani, nikanyoosha kidole.

Hapakuwa na kreni.

Palikuwa na vumbi, jengo jipya lenye vioo, na hewa tupu mahali ambapo kanisa letu lilisimama. Nilibaki nimenyoosha kidole.

"Kanisa liko wapi?" akauliza madam.

"Lilikuwa pale."

Nilidhani atanifukuza kazi hapo hapo. Lakini kuna kitu kilipita usoni mwake niliposema hivyo, kitu kidogo, kana kwamba nimetaja jina la mtu anayemfahamu. Akaacha kadi mezani. Hakuvaa hata viatu. Alitoka na kandambili za nyumbani na shali yake, na mimi mbele.

Mganda alikuwa mlangoni. "Ile crane?" akasema kabla sijamaliza kuuliza. "Wamefungua yote jana, nyabo, wakabeba na lorry. Jajja amepita hapa asubuhi, ameangalia juu sana, mimi nikafikiri anaomba."

Basi tukaenda, nikimwonyesha njia kwa mdomo kwa sababu sikujua njia nyingine. Hapa ni josho, madam. Hapa ni shamba la jirani mvivu. Alinifuata akipiga chafya. Tulipofika nyuma ya zahanati, pale barabara inapokatika na kurudi, akasimama mwenyewe.

"Hapa mnapaita nini?"

"Pale walevi wanapoingia kwenye mahindi."

Alifunika mdomo kwa shali. Sikujua kama anacheka au analia, na nilikuwa na haraka, sikungoja kujua. Ila kutoka hapo yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri, saa ya watoto wa chekechea kutoka shule. Mabasi yalikuwa yamepangana, madereva wanapiga honi, akina mama wako chini ya ile miti miwili na miavuli yao. Na katikati yao wote, mgongo umeegemea ukuta kando ya geti, alikuwa amekaa mzee kwenye ukingo wa barabara, miguu mirefu imenyooka, nusu ya mkate kwapani na nusu ameshaila. Kijana mmoja wa basi alikuwa amempa chupa ya maji.

Madam alichuchumaa mbele yake. Nilijua atauliza nini, kwa sababu lilikuwa swali la daktari. Sikuwa na hakika ya jibu, nikiri tu. Kata tuliyoijenga tuliijenga vizuri sana.

"Baba. Hapa ni nchi gani?"

Mzee alimtazama juu mpaka chini, kandambili, shali, pua.

"Dubai," akasema. "Kwa joto hili ulidhani ni wapi?"

Kisha uso wake ukalainika. Akamshika binti yake mkono, na nadhani alikuwa amesubiri kumwambia hivyo kwa muda mrefu kuliko asubuhi ile.

"Sikusogea," akasema.

Madam akaketi chini pale pale, kwenye vumbi, katikati ya mabasi. Aliegemea bega la baba yake na akalia waziwazi, na mama mmoja wa Kihindi akamsogezea mwavuli wake. Mzee akamkatia kipande cha mkate. Mimi nililia pia, sina haja ya kuficha, halafu nikala mkate, maana nilipewa.

Kuhusu nyumba ya wazee sikusikia tena neno. Tulirudi tukitembea taratibu, mzee katikati. Wao wawili walikuwa wanabishana kuhusu kanisa jipya. Mzee alitaka kreni nyingine, ambayo mimi niliikataa katakata, na madam akasema kwa sauti yake iliyoziba kwamba huu ni mji wa misikiti, tuchukue mnara wa msikiti, haufunguliwi skrubu. Mzee alikubali. Alisema hata mabenchi ya kushoto hayatakuwepo ya kugombaniwa.

Jengo letu lilipoonekana, madam akauliza, bila kumwangalia, "Na hapa kwangu? Mmepaweka kipande cha ngapi?"

Mzee alishangaa kwamba jambo kama hilo linaulizwa.

"Tumetoka shule, tumekwenda kusini," akasema. "Ishirini na moja."